Makofi ya Gendabi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani utangazaji ni kukaa. Mkuu wa Kituo alinitazama miguuni, akanikabidhi stendi ya kamera. "Binti, siasa inatembea. Beba." Niliibeba miaka mingi: bungeni Dodoma, kisha Arusha, na kutoka huko nikawa natumwa kwetu, Mbulu na Hanang, kila msimu wa kampeni. Njia ya Yaeda Chini ilinimaliza mgongo, na bado naipenda.

Ninyi mnaohariri kwa simu hamkuzijua kanda za video. Ukikata hotuba, pale ulipokata picha inaruka, mgombea anaonekana kama aliyeshtuliwa. Dawa yake ilikuwa picha ya kuziba: watu wakisikiliza, watu wakipiga makofi. Mhariri wa Siasa, mzee mwema asiyeishiwa haraka, alikuwa akisema, "Habari haina matundu. Ziba, twende."

Basi pale Gendabi, kijiji cha Hanang, mgombea mmoja akasema wafugaji waondolewe kwenye maeneo ya wakulima. Watu walinyamaza. Mimi, nilipoikata hotuba hapo, nikaziba kwa picha ya Mama Paskalina, mkulima mwenye uso unaopendwa na kamera, akipiga makofi. Alikuwa akiipigia kwaya ya shule, saa nzima kabla ya hotuba.

Wiki mbili baadaye nilirudi, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kwetu mtu asipoitikia shikamoo yako, afadhali akuchape.

"Umenigombanisha na Gidamis," alisema mwishowe. "Ameniona kwenye televisheni ya dukani, nashangilia afukuzwe. Hata salamu hanipi."

Mzee Gidamis, mfugaji, alikuwa jirani yake wa miaka yote. Ng'ombe wake walikula mabua shambani kwa Mama Paskalina baada ya mavuno, na wajukuu wa mama walikunywa maziwa ya ng'ombe hao.

Iliniuma sana. Mhariri wa Siasa alikubali masahihisho, sentensi moja, nayo ikasomwa siku ambayo jenereta la duka la Gendabi halikuwashwa. Nikachukua kanda yenyewe, ile isiyokatwa, nikaenda na Mama Paskalina mpaka kwenye boma la Gidamis. Kamera zetu zilikuwa na kitundu cha kuchungulia. Mzee akaweka jicho, nikawasha kanda: kwaya, na makofi, baadaye mgombea, na Mama Paskalina ameshika tama, kimya.

Akataka kurudia. Akamwita mkewe naye achungulie. Halafu akamgeukia jirani yake. "Dada, nimekukosea. Tuma watoto jioni wachukue maziwa." Mama Paskalina alilia, na mimi nikalia, bila kujificha.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu saumu Mbulu. Vijana wa kituo hunipigia kuniuliza ni swali gani lililokuwa gumu kuliko yote katika miaka yangu ya siasa, wakidhani nilimuuliza waziri. Niliulizwa mimi, siku ile, na mzee aliyekuwa bado ameshikilia kamera yangu:

"Mwanangu, na yale makofi wanayopigiwa wakubwa, mnayotuonyesha kila siku, nayo ni ya kwaya?"