Bia ya kopo na mama mkwe sebuleni

Naandika nikiwa nimekwama chumbani kwangu hapa Bariadi.

Mama mkwe amekuja ghafla, yuko sebuleni, na sisi Wasukuma hatupiti mbele ya mkwe. Mlango wa kutokea ni huo huo mmoja, wa sebuleni.

Chini ya kitanda nina chupa za bia niliyotengeneza mwenyewe kwa kimea cha kopo, kile kizito kama asali unachoongeza maji, hamira na sukari ya kuleta gesi, maana ya dukani imenishinda bei.

Moja ikapasuka. Mke wangu akasema ni panya.

Ya pili ikapasuka. Povu likapita chini ya mlango, taratibu, hadi miguuni kwa mama.

Mama ni mlokole. Akanusa, akamgeukia mke wangu.

"Mwambie huyo panya kazidisha sukari."

Jamani, nishukuru, au niendelee kuwa panya?