Moshi Wangu na Mashine ya Kupima Pua

Nikipita karibu na ile kliniki hapa Garissa siku hizi navuka barabara, na mkinicheka mna haki, maana aibu yenyewe sikusukumiwa na mtu, niliitafuta mwenyewe na nikaiwashia makaa.

Ilikuwa mwezi uliopita. Daktari Moraa, mtaalamu wa matamshi kutoka Nairobi, alikuwa anakuja kupima watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka kisha wakashonwa, na mimi, mwalimu wa hapa, nikajitolea kuwa mkalimani wake wa Kisomali, kwanza kwa sababu Kiswahili changu ni cha chuo kikuu (naomba mnivumilie), na pili kwa sababu mmoja wa watoto hao ni Hodan, binti wa dada yangu Sahra, ambaye akizungumza sauti inatorokea puani na darasani hawamwelewi. Siku hiyo ndiyo ingeamua kama atashonwa tena au ataambiwa inatosha.

Nilifika mapema. Chumba kilinuka dawa ya sakafu, na mimi, ambaye kwangu mgeni hakaribishwi bila uunsi, yale manukato yetu ya sukari na udi yanayochomwa juu ya makaa, nikaona aibu kwa niaba ya kaunti nzima. Nikaenda kuchukua chetezo cha mke wangu, nikakijaza kana kwamba kuna harusi, na niliposikia gari la daktari nikakisukuma nyuma ya pazia. Akaingia, akasifu harufu, kisha akafunga madirisha yote na kuzima feni, kwa sababu mashine yake haitaki kelele. (Hapo ndipo ningesema kitu, lakini zile sifa zilikuwa zimenivimbisha kichwa.)

Mashine yenyewe, jamani, ni maajabu: mtoto anavishwa kitu kama hedfoni chenye kibao kinachokaa kati ya pua na mdomo, maikrofoni moja juu na nyingine chini, na kompyuta inachora mstari kuonyesha sauti kiasi gani inapitia puani. Hodan akavishwa, akapiga chafya, akavuta kamasi, akasema sentensi aliyopewa, "Baba kapata kikapu," na mstari ukalala chini kabisa.

"Ajabu," daktari alisema. "Huyu ni karibu kawaida."

Sikungoja neno la pili. Nilifungua mlango nikawatangazia wazazi verandani kwamba Hodan amepona, vigelegele vikapasuka, Sahra akaniangukia begani akilia, nikatuma na ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima mpaka Habaswein, ambako shemeji alijibu papo hapo kwamba anachagua mbuzi. Mtoto wa pili akapimwa, amepona. Wa tatu, amepona. Nilikuwa nakimbia mlangoni na kurudi kama mtangazaji wa mpira.

Daktari akavua miwani. "Mwalimu, hebu kaa hapa." Akanivisha mimi. "Sema, mama ana mananasi mengi."

Nikasema kwa majivuno. Mstari haukutikisika.

"Maneno hayo kwa mtu yeyote hupita puani," alisema. "Mashine inasema wewe huna pua."

"Pua didayo, daktari, ibeziba tu."

Akalitazama pazia, ambalo sasa lilikuwa linafuka, akalivuta, na mbele ya wazazi waliojaa mlangoni chetezo cha mke wangu kikaonekana kikiendelea na kazi yake kwa amani. Bibi mmoja kutoka Kutulo akauliza, "Kwani hii ni hosbitali ama ni arusi?"

Moshi ulikuwa umetuziba pua sote, na pua iliyoziba haipitishi sauti, kwa hiyo mashine ilituona wazima. Madirisha yakafunguliwa, tukatoka nje kupenga kamasi, na pua zilipozibuka Hodan akapimwa upya. Mstari ukapanda. Kaakaa bado linavujisha hewa, ni lazima ashonwe tena. Sahra akaketi chini, nami nikatafuta pa kuficha uso. Hodan ndiye aliyenivuta shati.

"Abti," (yaani mjomba) aliniambia kwa Kisomali, "uliposema nimepona niliogopa. Nilidhani basi, nitaongea hivi maisha yangu yote." Akamwonyesha daktari kwa kidole. "Mwulize watanishona lini."

Jioni nilituma ujumbe mwingine kwa ukoo, nikakiri kila kitu, hata chetezo, na nikamwomba shemeji amwache mbuzi. Tangu hapo nimeapa kutotangaza kupona kwa mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe, na nisipoelewa jibu lake nitamwomba alirudie, na alirudie tena, mpaka nilielewe.