Mwalimu wa Maisha

Dobi wa mtaa wetu hafui wala hapigi pasi. Kila likizo ndefu huchukua vijana wanaotafuta karo ya chuo, akawaita "wanangu", na yeye akabaki kunusa mashati na kuguna, mikono laini kama ya mtoto mchanga. Anayeulizia ujira wake hupigwapigwa begani: "Mwanangu, hela zipo tu. Kwanza jifunze maisha." Juzi nilikuwa nachukua suruali yangu pale msichana wa pasi, vidole vimembabuka, alipomwuliza kwa adabu zote: "Bosi, na yule mwanao wa kumzaa, mbona haji kujifunza maisha?" Dobi akashusha shati puani, akashangaa kweli. "Yule?" akasema. "Yule anasoma."