Kamera ya kanisa ilivishwa kitambaa, claim ikaokolewa na tenki la maji

Wakuu, salamu kutoka Kwa Vonza. Mimi ni wa kusoma tu na kupita, lakini hiki kisa kimenikaa kooni na leo nakitoa chote, pamoja na sehemu zangu za aibu.

Ni fundi wa sound katika kanisa letu. Kanisa la kawaida: mabati, viti vya plastiki, na tenki kubwa la maji ya mvua kwenye kona. Wa Kitui mnaelewa. Mchungaji tunamheshimu, lakini tenki tunalilinda.

Mimi ndiye niliyeisumbua kamati tuweke kamera. Agent wa insurance alikuwa ameniambia kanisa likiwa na kamera, premium, yale malipo ya kila mwaka, inashuka.

Tukaweka mbili. Moja ndani ikiangalia madhabahu na vyombo, moja nje ikiangalia geti. Tukajaza form, discount ikaja. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Form ilisema pia kamera zifanye kazi wakati wote na zisihamishwe bila kampuni kuambiwa. Hiyo sehemu niliisoma peke yangu, nikanyamaza. Na tangu siku ile sikuwasha screen hata mara moja. Aibu ya kwanza hiyo.

Sasa, mzee wetu mmoja wa kanisa akafariki, mazishi yakawa Malili. Kwetu mazishi ya mzee hakuna anayebaki nyumbani. Tulifunga kanisa asubuhi tukaenda wote. Mimi nilifika nimechelewa kwa sababu pikipiki ilipata pancha njiani.

Tuliporudi alasiri, kinanda hakuna. Spika hakuna. Mixer hakuna.

Kufuli zima, mlango mzima, madirisha yamefungwa vizuri. Tukaripoti polisi, tukapigia insurance.

Kumbe policy yetu inalipa wizi wa kuvunja tu. Assessor wa kampuni alikuja kukagua hasara, bwana mpole wa shati jeupe, akazunguka jengo lote kisha akauliza funguo ziko ngapi.

Mbili. Wa mchungaji, ambaye alikuwa anahubiri kaburini mbele ya kila mtu. Na wangu mimi, mtu wa pancha.

Wakuu, niliumia. Watu niliowashikia mic miaka yote walianza kunisalimia kwa mbali, na kamati ikachukua ufunguo wangu.

Assessor aliporudi nikasema, si tuna kamera? Kwa kuchanganyikiwa hakuna aliyezikumbuka. Tukaingia na assessor na viongozi katika ofisi ya mchungaji, humo humo kanisani, tukawasha screen.

Kamera ya ndani ilionyesha weupe mtupu. Nikasogea karibu. Kitambaa! Cha kufuma, tena na maua pembeni.

"Si ni mimi nilifunika?" akasema Mama Mwende, mwenyekiti wa akina mama, bila wasiwasi wowote. "Hiyo kitu ilikuwa inakaa uchi hapo juu, mbele ya madhabahu. Na vumbi je?"

Mnawajua akina mama wetu. Redio inavaa kitambaa, kochi linavaa kitambaa, mimbari inavaa kitambaa. Kitu kisicho na kitambaa kwao ni kama hakina mwenyewe.

Tukafungua ya nje. Geti hakuna. Ni tenki tu, screen nzima.

"Mwaitu, na hii?" nikamuuliza mama yetu huyo.

"Niliambia fundi wa kamera ageuze. Geti nani anaiba? Watu wanaiba maji."

Assessor akaweka kalamu chini. "Moja imefunikwa, ingine imehamishwa. Mmevunja masharti ya policy, rafiki yangu."

Nilitamani kulia. Nilijiona nimeiangusha kwaya na jina langu pamoja.

"Rudisha mpaka siku ya mazishi," Mama Mwende akasema. "Nataka kuona nani alikuja kwa maji yangu."

Tukarudisha. Saa tano asubuhi, nyuma ya tenki, dirisha la ofisi ileile tulimokuwa tumekaa. Wanaume wawili wanachomoa vioo kimoja kimoja, wanavipanga chini kama sahani. Mmoja anaingia. Vyombo vinatoka. Kisha wanarudisha vioo vyote, polepole, kwa adabu kabisa.

Wangeenda zao hapo tusingewajua. Lakini jua la Kitui ni jua la Kitui. Walikuja kwenye mfereji wa tenki, wakaufungua, wakanywa, wakanawa, wakainua nyuso zao mbele ya kamera.

"Ngai!" Mama Mwende akaruka. "Wameacha mfereji wazi!"

Assessor alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanishika mkono, na huo mkono sitausahau.

Aliandika ukweli wote, na video tukaipeleka polisi. Kampuni ilikubali kwamba kuvunja kulifanyika, ikalipa, ila ilikata sehemu kwa sababu ya kitambaa. Discount nayo ikasimamishwa mpaka tujipange. Sikulalamika. Jumapili iliyofuata mchungaji alinikabidhi ufunguo upya mbele ya kanisa lote, na nililia kweli.

Nilichojifunza: ile discount ni ahadi mliyoweka sahihi. Kila mtu anayegusa jengo aambiwe masharti, hasa wenye vitambaa. Ukigeuza kamera, waandikie.

Sasa tuna kamera tatu, na ya tenki iko kwenye policy kwa maandishi, Mama Mwende alihakikisha. Ile ya madhabahuni imevaa kitambaa tena. Safari hii amekifuma na tundu katikati, na assessor amekipitisha.

Kanisani kwenu, au msikitini, kamera inaangalia nini? Msinijibu kwa kukisia. Nendeni muwashe screen kwanza.