Shuka Nililomfumia Mama

Nilijifunza kusokota pamba nikiwa na miaka arobaini na tisa, na nilianza kwa hasira. Siku hiyo nilirudi kutoka kazini Isaka nikamkuta mama amekaa chini sebuleni kwangu, hapa Nyasubi, mto wangu wa pamba ameupasua pembeni, na pamba imezagaa mpaka chini ya kochi. Nilimwamkia shikamoo huku nimeshainama kuokota. Mama hakuomba radhi. Alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa dirishani, na ndiyo sababu nilimtoa kijijini Kishapu nikaja kukaa naye. Aliitikia marahaba, akanyoosha mkono na kusema, "Shika hapa."

Nilishika. Ulikuwa uzi, mwembamba, uliokaza vizuri, umezungushwa kwenye kijiti. Chini ya kijiti alikuwa amechomeka kipande cha ndala kilichokatwa mviringo, ili kijiti kipate uzito wa kuzunguka. Alikuwa amemwomba jirani yangu amkatie. Jirani huyo ni mjane wa makamo, alikuwa akishinda na mama mchana mimi nikiwa kazini, naye alikuwa amekaa mlangoni anacheka kimyakimya, anangoja kuona nitafanya nini.

Nilimuuliza mama amejifunza wapi. Akasema utotoni, kwa babu yake, aliyekuwa mfumaji wa nguo huko Usumbwa kabla nguo za dukani hazijamkatisha tamaa. Watoto wa kike walimsokotea nyuzi. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nimezaliwa na yule mama, nimekua katika mashamba ya pamba, nimechuma pamba mpaka vidole vikachanika, wala haikunijia hata siku moja kwamba kilichomo ndani ya gunia kinaweza kuwa nguo bila kupita kiwandani. Kwetu pamba, au buluba kama mama alivyoiita maisha yake yote, ilikuwa kitu cha kupakia kwenye lori na kukiaga.

Nikakaa chini karibu naye. Pamba yangu ilikatika mara kumi. Mama alisikia kila ilipokatika, maana kijiti kilidondoka sakafuni, na kila kilipodondoka alisema, "Tena."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kazi yangu Isaka ni ya karatasi. Napokea nyaraka za malori yanayokwenda Rwanda na Kongo, nagonga mihuri, nagombezwa na madereva waliolala barabarani siku tatu. Nilikuwa narudi jioni kichwa kimejaa kelele. Nikishika kijiti kile, kelele zinashuka. Kuna kitu kinatokea pamba inapokubali: unavuta, inanyooka, inajisokota yenyewe mbele ya vidole, nawe huna la kufanya ila kuifuata. Jumapili baada ya ibada tulikaa uani, mama kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, tukachambua mbegu na kusokota mpaka jua likapungua. Miaka yote ya kukua sikuwahi kukaa na mama yangu muda mrefu hivyo bila yeye kunipa kazi au mimi kutafuta njia ya kuondoka.

Kufuma nilijifunza kwenye simu. Nilitazama video za wanawake wa nchi ambazo lugha zao sizijui, nikawa nasimamisha picha kuhesabu nyuzi. Kisha nikamchorea fundi seremala wa mtaani kwetu fremu niliyoitaka. Aliugeuza ule mchoro mara mbili, akaniuliza godoro langu ni la futi ngapi. Nilimweleza kwamba si kitanda. Alitengeneza, lakini mpaka leo anaamini kwamba ni kitanda kilichoharibika.

Mama hakuwahi kufuma, maana hiyo ilikuwa kazi ya babu yake, lakini alikumbuka maneno yake. Nyuzi za kusimama, zinazovutwa kwenye fremu kabla ya kitu kingine chochote, aliziita mtande. Ule unaopita katikati, kwenda na kurudi, mshindio. Alipitisha kiganja juu ya mtande wangu wa kwanza akasema umelegea kushoto. Nikasema haujalegea. Nilifuma siku nne, nguo ikatoka imepinda upande wa kushoto kama sikio la mbuzi.  Mama alikitumia kitambaa kile kupangusia macho.

Watu walitucheka, na sikuwalaumu. Dada mmoja wa kanisani aliniuliza kwa nini nahangaika wakati sokoni mashuka yamejaa tele. Nilimwambia napenda tu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia kwamba umepatwa na ugonjwa.

Mwaka wa pili nikaanza kazi kubwa. Nilitaka shuka zima, pana, zito, la vipande viwili vilivyoshonwa katikati kwa sababu fremu yangu ilikuwa nyembamba. Nyuzi zote alisokota mama, kila moja. Mimi nilifuma, na pindoni niliweka mistari ya kahawia niliyoipata kwa kuchemsha nyuzi kwenye maji ya magome. Lilichukua miezi kumi na moja. Siku nilipolitoa kwenye fremu nilimwekea mapajani. Alilipapasa lote, pembe hadi pembe, akatafuta mshono kwa kidole gumba, akaukuta, akaufuata mpaka mwisho.

"Hili ni langu," akasema. "Siku nikifa mtanifunika hili. Msininunulie kitu."

Nililikunja, nikaliweka kwenye sanduku lake la bati. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo naona aibu kuieleza. Sisi tuko watoto wawili tuliobaki, mimi na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama. Mimi ndiye niliyemlipia mdogo wangu shule aliyoiacha, ndiye niliyemjengea mama choo kule kijijini, ndiye niliyemwogesha. Lakini jina lililokuwa mdomoni mwa mama asubuhi na jioni lilikuwa la yule kijana. Amekula? Amepiga simu? Basi siku ile nilihisi kwamba nimepata kitu kimoja ambacho mama amekitaka kutoka kwangu, na ambacho mdogo wangu hawezi kumpa.

Mdogo wangu alikuwa Nyarugusu, kwenye dhahabu. Alianza kwa kushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kifua kikamsumbua, akahamia mwaloni. Mwalo ni mbao ndefu iliyoinamishwa; juu yake hutandikwa magunia au blanketi, kisha udongo uliosagwa humiminwa pamoja na maji, na chembe za dhahabu hunasa kwenye nguo. Alikuwa akiosha udongo uliokwisha kuoshwa na wengine, akitafuta walichokiacha. Alitutembelea mwezi uliofuata, amekonda, na mfuko wa dagaa mkononi. Jioni nilimwonyesha shuka. Alilishika, akalisugua kati ya vidole, akasema ni zito na lina vinyweleo vingi. Nikamshukuru. Nilidhani ananisifu. Asubuhi nilikwenda kazini nikamwacha anakunywa chai na mama, na niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Mama aliendelea kusokota, ila alipunguza maneno. Nilipomwambia tuanze shuka jingine alisema mikono imechoka. Masika yalipoanza akapata kikohozi, kikashuka kifuani. Alilala hospitali siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nikiwa nimekwenda kumchukulia uji, akafariki.

Nyumbani wanawake waliokuja kumwandaa waliniuliza nguo ya kumfunika. Niliwaambia kwa sauti, wote wasikie, kwamba ipo, ameisokota mwenyewe. Nikafungua sanduku la bati mbele yao. Zilikuwemo khanga zake, Biblia yake ya Kisukuma, na kile kitambaa changu kilichopinda. Nilitoa kimoja kimoja. Nikapekua kabati langu, nikainua magodoro. Wanawake walinitazama nikizunguka. Mwisho jirani yangu mjane alinishika mkono akasema maji yanapoa.

Mdogo wangu aliingia mchana, ametoka Nyarugusu na blanketi jipya la dukani, la manyoya, lenye picha ya simba, bado limo ndani ya nailoni. Alilitoa kabla hata ya kukaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tunahitaji cha kumfunikia. Nilimtazama, akatazama chini, nikajua. Mama yangu akazikwa Kishapu, amefunikwa simba.

Nilijizuia siku tatu. Siku ya kuanua matanga, ndugu wote wakiwa wamekaa, mjomba aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilisema kwamba mdogo wangu ameiba sanda ya mama yake. Nilitumia neno hilohilo, sanda, ingawa sisi si Waislamu, kwa sababu nilitaka liume.

Alikuwa amekaa kwenye gogo. Hakusimama.

"Mayu alinipa mwenyewe, dada," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nikamwambia kwamba pamoja na wizi ni mwongo, anamsingizia maiti. Mjomba alimuuliza shuka liko wapi alirudishe. Akasema halipo. Alilikata vipande akatandika mwaloni, likafanya kazi miezi mitatu, likaoza. Lilipooza alilichoma. Ndivyo wanavyofanya: nguo ikichoka huchomwa, na jivu huoshwa kupata dhahabu iliyong'ang'ania kwenye nyuzi. Mjomba akauliza kama kulikuwa na kitu. Mdogo wangu akasema kidogo, kisha akasema, "Hakuna kitu."

Shangazi mmoja alianza kulia. Mjomba akamwambia mdogo wangu aondoke, na kwamba asionekane tena kwenye mikutano ya ukoo mpaka aitwe. Aliondoka saa ileile, kwa miguu, hakungoja bodaboda. Mimi sikumwonea huruma. Nilirudi Nyasubi nimeshiba, kama mtu aliyekula chakula alichokitamani muda mrefu.

Ulipita mwezi. Jumamosi moja nilikuwa nafunga mtande mpya, jirani yangu mjane akaja na bakuli la karanga, akakaa, akakaa sana. Halafu akasema kuna jambo linamnyima raha. Nikamwambia aseme.

Asubuhi ile nilipomwacha mdogo wangu anakunywa chai na mama, akasema, yeye alikuwepo. Mdogo wangu hakuomba shuka. Alikuwa amemwambia mama tu kwamba mwaloni anatumia magunia yaliyochakaa, dhahabu inapita na maji, na wenzake wanamcheka. Mama akamtuma jirani amletee sanduku. Akalitoa shuka mwenyewe. Kijana alikataa, akasema, "Hapana mayu, dada ataniua." Mama akampigisha magoti, akamtandikia mabegani, akamwekea mkono kichwani na kumwombea apate.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Siku ya msiba, nikipekua mbele yako?"

"Alinikataza. Akasema wewe una kazi na mshahara, huyu hana kitu. Akasema, 'Yeye atafuma jingine.'"

Jirani akaniomba msamaha. Nilimwambia hana kosa. Alipoondoka nilibaki nimekaa mbele ya fremu, na kilichonijia si majuto kwa ajili ya mdogo wangu. Napenda kusema kilikuwa majuto, lakini nimeamua kuandika yaliyotokea. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia marehemu asiyeweza kujibu. Atafuma jingine! Kwa nyuzi zipi? Aliyesokota zile amekufa. Na miezi ile ya mwisho, nilipokuwa namwogesha, namgeuza, namlisha uji, alikuwa analijua jambo hilo na akaninyamazia. Niliona kwamba hata kile kitu kimoja hakikuwa changu kumpa. Kilipita tu mikononi mwake kwenda kwa kijana wake, kama vilivyopita vyote.

Wiki mbili baadaye nilipanda gari kwenda Nyarugusu. Sikumkuta. Mwaloni alipokuwa akifanya kazi palikuwa na watu wengine, wamejaa tope hadi magotini, karasha zinasaga mawe kwa kelele hata nikashindwa kujieleza. Mama mmoja anayeuza maji aliniambia kijana huyo amehama, labda yuko upande wa Chato, hajui. Nilisimama kando ya zile mbao nikatazama zilivyotandikwa: blanketi kuukuu, mataulo, hata pazia. Nilitafuta mstari wa kahawia, ingawa nilijua shuka limeungua.

Nilimpata kwa simu baada ya miezi miwili. Nilimwambia nimejua ukweli, kwamba alipewa.  Nikamwambia nitamwambia mjomba. Akaniuliza kama nitasema mbele ya wote, kama nilivyosema siku ile. Nikajibu ndiyo.

"Haya, dada," akasema. Kisha akasema anaitwa kazini.

Mjomba nilimwambia, lakini peke yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Mkutano wa ukoo umefanyika mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili nimekaa kwenye kiti changu, nimesikiliza habari za mashamba na ng'ombe wa mahari, mjomba akauliza kama kuna mwenye neno, akanitazama, nami nikatazama pembeni. Mdogo wangu hapokei tena simu zangu.

Nafuma bado. Nyuzi zangu mwenyewe si nzuri kama za mama. Zina mafundo, zinakatika nikivuta kwa nguvu. Mwaka jana nilimaliza shali mbili na kitambaa cha meza. Wanaokuja nyumbani wanavisifu, wengine wanauliza kama nauza. Nawajibu siuzi. Wakiuliza basi namfumia nani, nawakaribisha chai.