Chuma cha Meli Uani Kwetu Ipole

Siku ile tulikuwa wanne uani: mimi, mdogo wangu wa kike wa tumbo moja, mtoto wa kaka yetu marehemu, anayetuita shangazi, na mkewe. Majina ninayo yote, nayaacha tu. Kando ya ghala la mahindi palikuwa na shimo bichi. Chuma hakipo.

Kile chuma kilikuwa kaburi. Babu yetu mzaa baba na mdogo wake walikuwa wapagazi. Kabla ya reli, meli ya kwenda Ziwa Tanganyika ilipita huku kwetu vipande vipande, mabegani mwa watu. Wakivuka Malagarasi, yule mdogo akachukuliwa na mamba, mzigo wake ukazama. Babu alizoea kutuambia: kiboko utamsikia akikoroma, utakaa mbali, mamba habishi hodi. Msafara haukusimama. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamepungua, babu akakipapasa kile kipande matopeni, akakibeba mpaka nyumbani, maana mwili hakuupata. Huko ziwani walishapachika kingine, meli ikaelea. Sisi tukakizika nusu, na kila mavuno tunakinyunyizia unga wa mtama.

"Umekipeleka wapi?" nikamuuliza mtoto wa kaka.

"Mjini, mtaa wa Ng'ambo, shangazi, kwa wanaonunua chuma chakavu. Kilikuwa kinakata watoto miguu."

"Lile ni kaburi."

"Kaburi gani halina mtu?"

Mdogo wangu akacheka, kicheko kibaya. "Mamba alikula mwili, wewe umekula kaburi. Mmegawana vizuri."

Kesho yake tukaenda mjini, Ng'ambo, wote wanne. Fundi aliyekinunua akatupa shikamoo kwa adabu, akasifu chuma kile, eti siku hizi hakipatikani. Alishakikata, katengenezea majiko ya mkaa. Lilibaki moja, lina yale matundu ya pembeni ya kuungia meli. Nikalipapasa kama babu alivyopapasa matopeni.

Nimelirudisha pale pale kwenye shimo. Juzi mke wa mtoto wetu kaniambia, "Shangazi, si tulipikie maharage tu? Linakaa bure."

Nyie wa ukoo mkisoma, kama nimekosea nani alikuwepo au nani alisema nini, nirekebisheni, kichwa kimezeeka. Ila kuhusu lile shimo asinirekebishe mtu. Mtu wetu alikuwa mle.