Katuni za Bwana Katani

"Bi Nasra, hebu niambie. Yule mdogo wako anasoma vitabu vya watoto kwa kuwa hana mtoto, au hana mtoto kwa kuwa anasoma vitabu vya watoto?"

Aliyeniuliza ni Mama Blessing, muuza mihogo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Makorora, siku moja tukichambua mchicha barazani. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyo, ulimi wake hauna mlango. Nikamwambia amuulize mwenyewe, kwani Tahiri alikuwa palepale kizingitini na kitabu chake. Naye akajibu bila kuinua macho, "Nikimaliza hiki nitakupa, Mama Blessing. Kina mama mmoja muuza mihogo anayesikia maneno ya nyumba zote za mtaa. Nadhani mnafahamiana." Tulicheka mpaka mchicha ukamwagika.

Tahiri ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu ujana wake ni fundi baiskeli, na mkewe alipofariki alirudi kukaa nami katika nyumba ya mama yetu. Mtu mpole, wa swala zake tano, asiye na makundi. Furaha yake ilikuwa katuni. Wala si zile za magazetini. Za kwake zilichorwa na vijana wasiojulikana, wanaotoa kopi wenyewe steshenari, wakabana kwa pini za stepla na kuuza mkononi. Nyingine zilimjia kwa basi kutoka Dar es Salaam na Arusha, kwa watu aliowajua kwa sauti ya simu tu.

Mashujaa wa humo walikuwa wa ajabu. Kulikuwa na babu anayeruka angani, lakini hapandi zaidi ya kimo cha kuku. Kulikuwa na mlinzi asiyeonekana, hata siku ya mshahara tajiri wake hamwoni. Lakini aliyempenda kupita wote ni Bwana Katani, aliyechorwa na Nehemia, kijana wa Kisambaa wa Chumbageni ambaye baba yake alikata mkonge maisha yake yote. Huyo Bwana Katani mwili wake ni nyuzi za mkonge. Akimwona mtu ametumbukia kisimani hujifumua mkono, akasokota kamba, akamvuta. Zile nyuzi hazirudi. Kiunoni ana mkanda wenye herufi za Kiarabu, alifu hadi yee, ambazo Nehemia alizijua kwa kucheza na watoto wa chuo cha Kurani. Kila akiokoa mtu, herufi moja inafutika.

"Dada, huyu hashindi," Tahiri aliwahi kuniambia. "Huyu anapungua tu. Ndiyo maana namwamini."

Kisha macho yake yakaanza kupungua. Alidhani ni vumbi la kazi, akawa anajiosha kwa maji ya baridi. Kumbe ni presha ya macho, na ugonjwa huo unakula kimyakimya. Ulianza pembeni ukaja katikati, mpaka ikawa anatazama dunia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Baiskeli hakuweza tena, maana akishika tairi haoni spana ilipo. Lakini katuni aliziweza, kwa sababu zimegawanywa vyumba vidogovidogo, na kila chumba kilienea katika tundu lake. Alisogeza ukurasa polepole, chumba kimoja, kingine, kingine.

Daktari alipotuambia kuwa kilichokwisha hakirudi na kilichobaki hakina ahadi, Tahiri hakulia. Aliniambia, "Nitazihifadhi, dada. Kama watoto wanavyohifadhi juzuu za Kurani. Macho yakifunga, niwe nazo ndani." Akaanza. Anatazama ukurasa, anafumba macho, anausema, anafumbua kuhakikisha. Nilikuwa nikimsikia nikipika, naye anasema peke yake: hapa yupo kushoto, mkono mmoja, mvua inanyesha, mtoto juu ya paa. Nilimwombea Mwenyezi Mungu amwachie nuru mpaka amalize. Sikuomba zaidi ya hapo. Niliona haya kuomba zaidi.

Hakuwa amefika nusu tulipoitwa Moshi kwa upasuaji, labda wangeokoa kidogo. Shangazi yetu, Bi Asmahani, akaja kutoka Kigombe kutushikia nyumba. Shangazi ni mtu wa ibada hasa. Herufi za Kiarabu anazisoma kama maji, hizi za shuleni hazijui hata moja. Umri umemwendea. Siku hizi huuliza ilipo kanga aliyojifunga, na huswali tena kwa kusahau kama ameshaswali. Lakini yeye ndiye aliyemlea Tahiri tulipofiwa na mama, na anampenda kuliko nafsi yake.

Walimpasua, wakatuambia tungoje tuone kama kuna kitakachobaki. Tulikaa Moshi zaidi ya tulivyotarajia, na huku nyuma masika yalikuwa yameshika. Tuliporudi nyumba ilinukia ubani kuanzia mlangoni.

"Shikamoo, shangazi," Tahiri alisema, akipapasa ukuta.

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani. Ingia chumbani mwako uone nilivyokusafishia."

Aliingia. Nilimsikia akiburura lile sanduku lake la bati la katuni kutoka mvunguni. Kisha akaita, "Shangazi, vitabu vyangu viko wapi?"

Shangazi alijibu kwa furaha kabisa, maskini. "Nimeviondoa, baba. Nyumba yenye masanamu malaika hawaingii. Nasi tunaomba na kuomba, dua inaishia mlangoni. Nikasema, hapa ndipo palipozuia."

"Umevitia wapi?"

"Sikuvitupa jalalani, laa. Mle mna herufi za Kurani. Karatasi zenye herufi nimezifukia nyuma ya msikiti, pale tunapofukia kurasa za misahafu chakavu. Udongo safi, na Bismillahi juu yake. Zisizo na herufi ndizo nilizowashia jiko."

Mtu wa kwingine asingeelewa, lakini sisi tumelelewa hivyo. Karatasi yenye herufi hizo haikanyagwi, haifungiwi maandazi, haichanganywi na taka. Shangazi aliwafanyia wale mashujaa heshima kubwa kuliko zote alizozijua.

Nilikwenda kumwomba imamu ruhusa, nikachimba mwenyewe kwa jembe la mkono. Mvua ilikuwa imetangulia. Karatasi zilikuwa zimegandana kama ugali wa jana. Niliyoinua iliachia mkononi, na pini za stepla zimeshika kutu. Nilirudisha udongo. Nilisimama pale nikitafuta neno la kumwambia Mola wangu, sikulipata, nikaenda nyumbani.

Tahiri aliniuliza jambo moja tu. "Hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja, mdogo wangu."

Nikamfuata Nehemia Chumbageni. Siku hizi anaandika vibao vya maduka. Nilimkuta juu ya ngazi akichora kichwa cha mbuzi kwenye bucha. Alishuka, akaniamkia, akasikiliza mpaka mwisho brashi ikimdondokea rangi kwenye kiatu.

"Mama, mimi sina," alisema. "Karatasi nilizochorea ziliishia kwa mchwa. Na watu walikuwa wananunua moja, kunipa moyo tu. Aliyenunua zote ni fundi Tahiri peke yake."

"Kwa hiyo hakuna mwingine?"

"Hakuna. Bwana Katani mzima alikuwa kwenye sanduku lake."

Hata hivyo alikuja, Mungu ambariki. Alikuja na karatasi kubwa na kalamu nene, akaketi barazani akachora upya ukurasa wa kwanza, kwa mistari minene ili ionekane. Mama Blessing alitua beseni lake la mihogo, akasimama kando. Tahiri aliipokea ile karatasi, akaisogeza usoni, akaigeuza kwenye mwanga wa jua, akaishusha, akaipandisha. Tulikuwa tunamtazama sote.

"Naona weupe," alisema mwishowe. "Weupe mzuri. Ahsante, Nehemia."

Ndivyo tulivyojua kuwa tundu la ufunguo nalo limefunga. Nehemia alikusanya kalamu zake akaondoka bila kunywa chai.

Shangazi alikuwa ameyaona hayo yote kutoka mlangoni. Siku mbili hakutia kitu kinywani ila maji ya futari, kwa kuwa alifunga saumu ya toba bila kuambiwa na mtu. Kisha nikamkuta anafunga vitambaa vyake kwenye kikapu, arudi Kigombe. Alisema macho ya mtoto yalizimwa na ugonjwa mara moja, naye akayazima mara ya pili, hana uso wa kukaa. Nilimbembeleza, hakunisikia. Sikuwa na maneno ya nguvu, kwa kweli. Nyumba yetu ilikuwa imekuwa nzito, na mimi mwenyewe nilikuwa naswali kwa mdomo tu.

Tahiri alisikia kikapu kikiburuzwa. Akatoka akishika ukuta, akakaa chini sakafuni, mlangoni, ili shangazi asipite.

"Shangazi, zile zenye herufi na zisizo na herufi, ulizitenga vipi?"

"Nilizifungua moja moja, baba. Ukurasa kwa ukurasa. Niliogopa nisije nikachoma herufi."

"Zote?"

"Zote. Nilikesha nazo, Mungu anisamehe kwa kuyatazama masanamu yale."

Tahiri alipapasa mkono wa shangazi akaushika. Nilijua anachofikiri, na nilijua pia kwamba shangazi asubuhi ile alikuwa ameniita kwa jina la marehemu mama yangu.

"Basi keti, shangazi," alisema. "Wewe ndiye uliyeziona zote. Naomba unisimulie ulichokiona. Anza na yoyote unayoikumbuka, na usiruke picha."